Nondo wa Uani Kwetu



Kila msimu, tunapokaa usiku barazani kuchambua karafuu na makonyo, wageni wasioalikwa huja kuizunguka taa. Hao ni nondo. Mmoja huangukia jamvini, mwengine huunguza mbawa, na mtoto huambiwa ampige kwa fagio. Nami nikifanya hayo hayo, mpaka mwaka jana mipapai yangu iliponitia adabu.

Ninayo mipapai minne nyuma ya nyumba, na pembeni yake matuta ya viazi vitamu. Niliwaona viwavi wakubwa, wanene kama kidole, wenye pembe upande wa mkiani, wanakula majani ya viazi. Sikumuuliza mtu. Nikachukua bomba la dawa nikanyunyiza kila kilichokuwa kibichi uani, mara tatu. Viwavi wakafa. Mipapai majike ikachanua, maua yakapukutika, na mapapai yakawa ya kuhesabika.

Bwana shamba alinitupia suala moja tu: "Nani anayekuchukulia unga wa maua kutoka mpapai dume kupeleka kwa jike?" Sikuwa na jibu. Akanambia kwamba huku kwetu Afrika ya Mashariki wenye kazi hiyo hasa ni nondo wakubwa warukao kwa kasi wakati wa magharibi. Na kiwavi yule mwenye pembe ni mtoto wa nondo wa jamii hiyo hiyo.

Sitoapa kuwa dawa yangu ndiyo iliyoniharibia, maana hata mvua ya mwaka jana haikuwa nzuri. Lakini mwaka huu bomba nimeliweka. Viwavi nawaokota kwa mkono, na tuta moja la mwisho nimewaachia. Mipapai imezaa.

Si kila nondo rafiki. Wapo ambao viwavi wao hutoboa mabua ya mpunga, na yupo kiwavijeshi vamizi, asili yake bara la Amerika, aliyegunduliwa Afrika mwaka 2016, naye ni adui mkubwa wa mahindi. Kwa hao tusichelewe kumwita bwana shamba. Ndiyo maana inafaa kuwajua: asiyemjua mwizi humpiga hata mgeni.

Kuwatazama hakuna gharama. Usiku wa kiza, usio na mbalamwezi, tundika shuka nyeupe ukutani na uweke taa mbele yake. Watakuja wa kila rangi. Angalia vipapasio vyao: vya kipepeo vina kifundo nchani, vya nondo aghalabu ni kama uzi au unyoya. Usimshike mbawa, kwani ule unga unaobaki vidoleni ni magamba yake.

Au ukishasali magharibi, kaa kimya karibu na mpapai dume uliochanua. Ukijaaliwa, utamuona nondo mkubwa amesimama hewani mbele ya ua, hatui, anafyonza kwa ulimi mrefu.

Ukichimba viazi huenda ukakuta kitu cha rangi ya kahawia, kimejikunja mfano wa mkono wa birika. Usikitupe. Ni yule kiwavi, anageuka, na huo mkono ndimo ulimo ulimi wake. Mtie katika mkebe wenye udongo, uufunike kwa kitambaa, umkabidhi mwanao. Baada ya majuma machache atatoka nondo wa kijivu, ubavuni ana mistari ya rangi ya waridi.

Chuoni tulihifadhi Suratul Qaria, ambamo watu wa Siku ya Kiyama wamefananishwa na nondo waliotawanyika. Miaka yote hiyo nikiisoma, sikupata kumtazama hata mmoja kwa utulivu. Leo, taa ikiwaka barazani, fagio naliweka mbali.

Mwanachama atakayeona jambo uani kwake na aje atueleze mkutanoni.

Wasalaam,
Katibu wenu