Babu, Kitabu na Ngoma

Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917, alikuwa mwalimu na Mkristo, wala hakuona haya kuandika habari za wazee wake. Kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilipigwa chapa mwaka 1954.

Lakini kitabu hakina sauti. Wanawake wa Ugogo hupiga muheme wakiibana ngoma mapajani, na binti hujifunza kwa kuitazama mikono ya bibi yake. Karatasi haiwezi kumfundisha hayo.

Basi, ninyi wazazi na walimu, wapelekeni watoto kwa babu na bibi. Waandike majina ya ukoo na maneno ya nyimbo, kisha waombe kufundishwa kucheza. Mzee akiisha kuzikwa, nani ataulizwa?