Nadharia mbili za asili ya sayari hazina uzito sawa

Kwa miaka mingi wanafunzi wa Kidato cha Kwanza humu nchini walifunzwa katika somo la Jiografia kwamba kuna nadharia mbili zinazoeleza asili ya Dunia na sayari nyinginezo. Ya kwanza ni ile ya nyota iliyopita karibu na Jua, na ya pili ni ile ya wingu la gesi na vumbi. Mwalimu huziandika ubaoni, moja huku na nyingine kule, wanafunzi wakazinakili, na siku ya mtihani ikifika wakazimwaga kwenye karatasi kama walivyozipokea. Aliyeeleza nyota hupata alama zake, na aliyeeleza wingu naye hupata zake.

Desturi hii ina dosari kubwa, kwani nadharia hizo si pacha. Moja ilianza kuporomoka katika miaka ya 1930, ilhali nyingine inazidi kupata ithibati kila uchao. Mwanafunzi anayeikariri ile ya nyota hii leo hajaambiwa kwamba maelezo hayo yalianguka kabla babu yake hajaingia shule. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba hajaambiwa yaliangushwa na nini. Hapo ndipo ilipo sayansi yenyewe, na hapo ndipo tunapomnyima haki yake.

Tuanze na historia. Mnamo 1755 mwanafalsafa wa Ujerumani, Immanuel Kant, aliandika kwamba Jua na sayari zilitokana na maada iliyotapakaa angani kisha ikajikusanya. Mnamo 1796 Mfaransa Pierre-Simon Laplace alitoa maelezo yanayokaribiana na hayo. Alisema kuwa wingu kubwa lililokuwa likizunguka lilinywea, likabapa, likaacha pete za maada, na pete hizo zikawa sayari. Maelezo haya yalikuwa na mvuto, kwa maana yalifafanua kwa nini sayari zote hulizunguka Jua zikielekea upande mmoja na karibu katika bapa moja.

Hata hivyo, yalikuwa na ila. Mtoto akifunga jiwe kwenye uzi, akalizungusha huku uzi ukijiviringa kidoleni, jiwe hukamilisha mizunguko yake upesi zaidi kadiri linavyokikaribia kidole. Vivyo hivyo, wingu linalonywea lazima lizunguke kwa kasi zaidi, na Jua lililo katikati lingestahili kuzunguka kwa kasi kupindukia. Lakini Jua hujizungusha mara moja tu katika siku zipatazo 25. Ingawa lina zaidi ya asilimia 99 ya maada yote ya mfumo huu, karibu mwendo wote wa mzunguko umo katika sayari. Laplace hakuwa na jibu la kitendawili hicho.

Ndipo ilipozuka nadharia ya nyota. Mwanzoni mwa karne ya 20, Wamarekani Thomas Chamberlin na Forest Moulton, na baadaye Waingereza James Jeans na Harold Jeffreys, walishikilia kwamba nyota nyingine ilipita karibu na Jua, ikalivuta kwa nguvu zake za uvutano na kuchomoa maada ambayo hatimaye ikawa sayari. Hawa hawakuwa watu wa kubahatisha. Walikuwa wataalamu waliotafuta dawa ya ugonjwa uliokuwapo.

Kwa bahati mbaya, dawa ilikuwa na sumu. Mnamo 1935 Henry Norris Russell alionyesha kuwa nyota ipitayo haiwezi kuipa maada hiyo mzunguko wa kutosha kuifikisha mahali sayari zilipo. Mnamo 1939 Lyman Spitzer akakokotoa kwamba gesi itokayo ndani ya Jua ni ya moto mno, na badala ya kugandamana ingetawanyika angani. Fauka ya hayo, nyota zimetengana mno. Iliyo karibu nasi zaidi baada ya Jua iko umbali wa zaidi ya miaka minne ya mwendo wa nuru. Iwapo sayari huzaliwa tu nyota mbili zinapokaribia kugongana, basi zingekuwa adimu kama kaburi la nyani.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wataalamu walirejea kwenye wingu, ila safari hii walikuja na ukarabati. Mnamo 1942 Hannes Alfvén wa Uswidi alieleza jinsi nguvu za sumaku za Jua changa zilivyoweza kulipunguzia kasi na kuupeleka mzunguko nje. Baadaye darubini zikaanza kutoa ushahidi wa macho. Mnamo 1995 Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza kugundua sayari inayoizunguka nyota ya 51 Pegasi, iliyo mfano wa Jua letu. Tangu hapo sayari zaidi ya 5,000 zimethibitishwa nje ya mfumo wetu. Kumbe si adimu hata kidogo! Mnamo 2014 darubini za ALMA, zilizo katika jangwa la Atacama nchini Chile, zilipiga picha ya nyota changa iitwayo HL Tauri. Picha hiyo ilionyesha sahani ya vumbi na gesi, bapa mfano wa ungo, yenye pete na mianya. Mnamo 2018 ikaonekana sayari ikiwa bado inajijenga ndani ya sahani kama hiyo, kando ya nyota ya PDS 70.

Kinachosadikiwa sasa ni kwamba wingu lilinywea kwa uzito wake lenyewe, kitovu chake kikawa Jua, na masazo yakabaki yakizunguka kama sahani. Chembe za vumbi zilishikamana zikawa vijiwe, vijiwe vikawa majabali, na majabali yakagongana na kuungana hadi yakawa sayari. Karibu na Jua joto lilikuwa kali, barafu haikuweza kudumu, yakasalia mawe na chuma. Ndiyo sababu Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi ni sayari za mawe. Mbali zaidi barafu ilidumu, maada ikawa tele, na hapo ndipo yalipozaliwa majitu kama Mushtarii na Zohali.

Umri wake nao haukukisiwa. Masazo ya ujenzi huo bado hutuangukia kama vimondo. Mnamo 1956 Clair Patterson alipima madini ya risasi yaliyomo katika vimondo, kikiwemo kile cha Canyon Diablo huko Arizona. Kwa kuwa urani hugeuka kuwa risasi kwa kasi inayojulikana, alipata miaka bilioni 4.55. Chembe nyeupe zilizomo katika kimondo cha Allende, kilichoanguka Mexico mwaka 1969, zina umri wa karibu miaka bilioni 4.57. Nasi hatukusahauliwa. Mnamo Julai 16, 2011, vimondo vya mawe vilianguka karibu na Thika. Mwanafunzi wa Kiambu hana haja ya kudhani kuwa ushahidi huu ni wa nchi za watu.

Sisemi kwamba nadharia ya nyota ifutwe vitabuni. Ibaki, lakini isimuliwe kama kisa cha wazo lililopimwa likapatikana limepungua, kando ya wazo lililokuwa karibu kutupwa likarekebishwa na kusimama tena. Mwalimu akiisha kuandika nadharia ubaoni, na aandike chini yake swali moja: tumejuaje? Watungaji wa mitihani nao waache kuomba orodha ya hoja, waulize ni ushahidi upi ulioiangusha hii na kuiinua ile.

Mwanafunzi aliyezoea kuambiwa kuwa maelezo mawili yanayokinzana yote ni sahihi, mradi yana alama, atakuwa mtu mzima asiyeweza kupambanua ukweli na uvumi sokoni, hospitalini na katika kampeni za siasa. Aliyefunzwa kuupima ushahidi hatadanganyika kwa urahisi.