Mpiga Piano Aliyenyimwa Ruhusa

Katika Arua na Koboko piano si chombo kionekanacho kila siku. Kijulikanacho zaidi ni adungu, kinubi chenye shingo iliyopinda, fahari ya Waalur na ya West Nile nzima. Pamoja na tarumbeta za bendi siku za gwaride. Hata hivyo, aliyezoea adungu hatapata taabu kuielewa piano. Ndani ya kasha lake mna nyuzi zaidi ya 200. Kidole kinapobonyeza kimojawapo cha vibao vyake 88, nyundo ndogo iliyovikwa sufu huugonga uzi. Nyuzi ni zile zile, ila mkono hauzigusi.

Miongoni mwa mabingwa wa chombo hicho waliopata kutoka upande huu wa Afrika ni mwanamke wa Ethiopia, marehemu Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou. Habari zake si ngeni kwa watu wa mpakani, kwa kuwa zimepita katika vita, kifungo na ugeni. Wazee wa Koboko waliovuka kwenda Kaya upande wa Sudan, na wenzao wa Arua waliokimbilia Zaire baada ya mwaka 1979, hawahitaji kuelezwa maana ya mambo hayo.

Alizaliwa Addis Ababa tarehe 12 Desemba 1923, akaitwa Yewubdar. Baba yake, Kentiba Gebru Desta, alikuwa mtu wa cheo serikalini. Bintiyo alipokuwa na umri wa miaka 6 alipelekwa shule Uswisi pamoja na dada yake Senedu, yule ambaye mwaka 1957 alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia bunge la Ethiopia. Huko Uswisi ndiko mdogo mtu alikoanza kujifunza fidla na kuisikia piano. Alirudi nyumbani mwaka 1933, na akapata kuimba mbele ya Mfalme Haile Selassie.

Kisha Waitaliano wakaivamia nchi. Mwaka 1937 familia ilichukuliwa mateka hadi kisiwa cha Asinara, na baadaye Mercogliano, karibu na Naples. Watu watatu wa jamaa yake waliuawa.

Vita vilipokwisha kwao, msichana huyo alikwenda Cairo kwa mwalimu Alexander Kontorowicz, mpiga fidla kutoka Poland. Kila siku alifanya mazoezi ya fidla saa 4 na ya piano saa 5. Wazazi wa kambini wanaomfokea mtoto kwa kurudia mlio mmoja tangu asubuhi na wazifikirie saa hizo 9. Joto la Cairo lilimdhoofisha, akarudi Addis Ababa, na mwalimu wake akaja naye. Kontorowicz alikabidhiwa bendi ya Walinzi wa Mfalme, na mwanafunzi wake akapata kazi ya ofisini katika kikosi hicho hicho. Kwa hiyo mtawa huyu wa baadaye aliyajua maisha ya jeshi kwa ndani, milio ya bendi na mafaili pia.

Hapo ndipo likaja lile lililogeuza maisha yake. Alipewa nafasi ya kusoma katika Royal Academy of Music ya London, mlango ambao mpiga piano yeyote angetamani kuupita. Kilichobaki ni ruhusa ya kuondoka nchini, na ruhusa hiyo haikutolewa. Hata uzeeni hakutaka kueleza ni nani aliyemkatalia wala kwa nini. Alisema tu kwamba ndivyo Mungu alivyopenda. Lakini wakati ule hakulichukua jambo kwa utulivu hata kidogo. Alikataa chakula siku 12, akalazwa hospitali, hata padre akaitwa kumwandaa kwa mauti.

Alipopona aliuacha muziki. Alikwenda monasteri ya Gishen Mariam, juu ya mlima, akawa mtawa na kupewa jina la Tsegué-Maryam. Emahoy ni jina la heshima la watawa wa kike. Kwa muda wa miaka kama 10 aliishi katika kibanda cha udongo, akitembea miguu mitupu. Piano haikuwako.

Aliporejea mjini vidole vilikuwa bado vinakumbuka. Huko Gondar aliwaona vijana waliokuwa wakijifunza nyimbo za kanisa, wakiomba chakula mchana na kulala nje usiku, naye akaona kwamba hana cha kuwapa isipokuwa muziki. Sahani yake ya kwanza ilitolewa Ujerumani mwaka 1967, kwa msaada wa Mfalme, na fedha za sahani zake zikasaidia mayatima. Anayeisikiliza huona mambo mawili yakienda pamoja: mkono wa kushoto unatembea kwa taratibu kama katika vipande vya Chopin, na wa kulia unazungukazunguka juu ya ngazi ya sauti 5 za Kiethiopia, ukichelewa hapa, ukiharakisha pale, kama mwimbaji wa kanisani anayevuta pumzi. London isingemfundisha hilo la pili, labda ingemwondolea. Hata hivyo, hiyo si sababu ya kumshukuru aliyemnyima ruhusa.

Mwaka 1984 alihamia Jerusalem, katika monasteri ya Waethiopia, akaishi katika chumba kidogo chenye kitanda na piano. Dunia ilimjua akiwa amekwisha kuzeeka, baada ya muziki wake kutolewa mwaka 2006 katika mfululizo wa Éthiopiques. Alifariki dunia Machi 2023, akiwa na miaka 99.

Mwaka 2013 baadhi ya tungo zake zilipigwa chapa katika kitabu. Wanamuziki waliokwenda kuzichukua walikabidhiwa mamia ya kurasa alizoziandika kwa mkono, zimejazwa katika mifuko ya plastiki ya shirika la ndege la Ethiopia.