Wote Kumi Walisinzia

Khuwair ya Kusini iko upande wa milimani wa Barabara ya Sultan Qaboos jijini Maskati. Ukitembea huko jioni unaweza kusikia Kiswahili cha aina mbili. Kipo cha Waomani wenyewe, wale ambao wazee wao walitoka Unguja, Pemba na mwambao, wengi wakirejea baada ya 1964 na tena baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Na kipo cha dada zetu wa Kenya, Tanzania na Uganda waliokwenda kufanya kazi za nyumbani. Miongoni mwa hao dada wamo Wakristo wengi, na swali wanaloniuliza kwa miaka kadhaa sasa halibadiliki. Dada anaamka kabla ya watoto wa nyumba, analala baada ya wageni kuondoka. Akipiga magoti usiku, usingizi unamchukua kabla hajafika amina. Kule nyumbani alikuwa mtu wa mikesha, Ijumaa kwa Ijumaa. Je, amepoa kiroho? Neema imemwacha?

Nimefundisha theolojia muda mrefu wa kutosha kujua kwamba chini ya swali hili kuna fundisho lililopotoka, na ni sisi wahubiri tuliolipotosha. Tumewafundisha watu kwamba kukesha ndiyo bei, na neema ndiyo bidhaa. Ukilipa saa nyingi unapewa nyingi, ukisinzia unakatiwa. Maandiko hayasemi hivyo.

Tuanze na neno lenyewe. Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani, na kitenzi ambacho Biblia zetu hukitafsiri “kukesha” ni gregoreo. Ndicho kilichozaa jina Gregori, ambalo baba zetu wengi walibatizwa nalo bila kuambiwa maana yake. Wanafunzi wa Kiyunani wanajua kwamba kitenzi hiki kilichipuka kutoka kingine cha zamani zaidi, egeiro, yaani kuamsha au kuinua. Kwa asili yake, basi, anayekesha ni mtu aliyekwisha kuamshwa na bado yu macho. Na egeiro ndicho kitenzi ambacho Paulo hukitumia anaposema Mungu alimfufua Kristo. Jirani zetu Waganda wanalo jambo hilohilo masikioni mwao: kuamka usingizini ni okuzuukuka, kufufuka ni okuzuukira. Kiswahili nacho kimehifadhi siri hiyo katika neno uamsho, ambalo limejengwa juu ya kuamsha, kitendo ambacho lazima kiwe na mtendaji. Aliyelala fofofo hawezi kuamua kuamka. Kuna aliyemgusa bega.

Hapo ndipo neema inapokaa, kabla ya juhudi yoyote ya mkeshaji. Neno neema tumelipata kutoka Kiarabu, na Wakristo wa Kiarabu hulitumia hilohilo, ni'ma, kwa neema ya Mungu. Bibi Mwomani wa Khuwair mwenye Kiswahili chake cha Unguja akiona wingu zito juu ya milima ataita mvua ile neema, na hatakuwa amekosea hata kidogo. Mvua hainyeshi kwa sababu mkulima alikesha. Mkulima anakesha kwa sababu mvua imenyesha na mbegu ziko ardhini, na ndege wako macho kuliko yeye.

Jambo hili lilizua ugomvi mkubwa barani kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 5, mtawa Pelagio alifundisha kwamba mwanadamu ana nguvu za kutosha kutimiza amri za Mungu akijitahidi. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alimpinga kwa maandishi miaka mingi. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Karthago, karibu na Tunis ya sasa, wakakata shauri: neema si msamaha wa dhambi zilizopita tu, bali ndiyo msaada wa kutotenda nyingine; wala haiturahisishii kazi ambayo tungeiweza hata hivyo, maana bila hiyo hatuiwezi kabisa. Ni uamuzi wa Waafrika, na nasikitika kwamba vyuo vyetu vingi vya Biblia huupita kwa aya moja.

Sasa tuje kwenye usingizi. Watu hunijibu kwa mfano wa wanawali kumi, Mathayo 25, kana kwamba ni mfano unaowashutumu waliolala. Nawaomba wausome tena polepole, hasa mstari wa 5. Bwana arusi alipokawia, wote kumi walisinzia, wakalala. Wenye busara walilala, wapumbavu walilala. Hakuna hata mmoja aliyefungiwa mlango kwa sababu ya usingizi. Tofauti ilikuwa mafuta yaliyowekwa akiba kwenye vyombo kabla macho hayajafumba. Na mfano huo unamalizika kwa agizo la kukesha! Kama kukesha kungekuwa kutolala, Bwana angekuwa ameharibu mfano wake mwenyewe. Kukesha hapo ni kuwa tayari: mtu analala, lakini kelele ikipigwa usiku wa manane taa yake ina cha kuwasha.

Paulo analieleza jambo hili kwa namna inayonishangaza hadi leo. Barua yake ya kwanza kwa Wathesalonike, mojawapo ya maandiko ya kale kabisa ya Agano Jipya, yapata mwaka 50, ina sura ya 5 yenye ukali: tusilale kama wengine, tukeshe, tuwe na kiasi. Wahubiri wa mikesha huishia hapo. Mistari minne mbele, Paulo anasema Kristo alikufa kwa ajili yetu ili, tukiwa macho au tukiwa usingizini, tuishi pamoja naye. Kitenzi cha kulala ni kilekile, katheudo, alichotoka kukikataza. Wafafanuzi wengi husema hapa anamaanisha waliokufa, na pengine ni kweli. Ila katika sura ya 4, alipozungumzia wafu waziwazi, alitumia kitenzi kingine. Kwa vyovyote, hakutaka Mkristo wa Thesalonike abaki na wazo kwamba uhai wake na Kristo unaning'inia kwenye kope zake.

Na Gethsemane? Huko kweli wanafunzi walilala walipoombwa kukesha, na kweli Bwana alisikitika. Lakini tazama alichoomba: wakeshe pamoja naye. Aliomba ushirika, wenzake wa kuwa karibu saa ya majonzi. Walipolala, maombi hayakukatika, yeye aliendelea. Alisema mwenyewe kwamba roho inataka na mwili ni dhaifu, akawatetea kabla hawajajitetea. Walioshindwa kukesha saa moja ndio aliowajenga kuwa nguzo za kanisa. Ukitaka picha ya neema, hakuna iliyo wazi zaidi ya bustani hiyo: mmoja yu macho kwa niaba ya waliolala.

Maskati yenyewe ina kisa kinachonisaidia kulifikiri hili, na kinatuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1891 Thomas Valpy French, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Lahore, aliwasili Maskati akiwa na umri wa miaka 66. Aliishi miezi mitatu tu. Alifariki tarehe 14 Mei, bila mwongofu hata mmoja wa kumhesabu, na kaburi lake liko kwenye hori dogo la bahari karibu na mji wa kale. Miaka miwili baadaye alifika Mmarekani kijana, Peter Zwemer. Mwaka 1896 wavulana 18 wa Kiafrika waliokolewa kwenye majahazi ya watumwa, na balozi mdogo wa Uingereza akamkabidhi Zwemer awalee. Aliwafungulia shule katika nyumba yake. Mwaka 1898 aliondoka akiwa mgonjwa mahututi, akafa Oktoba mwaka huohuo huko New York, akiwa na miaka 30.

Huwa nawafikiria wale wavulana zaidi ya mmishenari wao. Ndani ya majahazi yale, waliokuwa macho na waliokuwa wamelala, wote waliokolewa. Hakuna aliyepiga makasia. Hiyo ndiyo neema kwa umbo lake kavu. Lakini baada ya hapo ilikuja kazi nyingine ndefu: kujifunza kuishi kama mtu huru, kuzoea kwamba mlango haufungwi kwa nje, kusoma, kushika ufundi. Barua ya Paulo kwa Tito, sura ya 2, inasema neema yenyewe ndiyo mwalimu. Inaokoa, kisha inafundisha kuishi kwa kiasi, haki na utauwa. Kukesha ni masomo ya mtu aliyekwisha kukombolewa. Anayeyaacha masomo hayo hujidhuru kweli, nami simfichi mtu hilo. Mkristo anaweza kulala kiroho huku amekesha hadi alfajiri: akiimba na kinyongo moyoni, akikemea pepo na mshahara wa mfanyakazi wake uko mfukoni mwake.

Uamsho wa Afrika Mashariki ulilijua hili. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, wakaomba pamoja; moto ukashika Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikuwa mwalimu huko. Alisafiri kwenda Kampala akiwa na hoja za kuiuliza sinodi ya kanisa kwa nini limepoa, na wito wake ulikuwa neno moja la Kiganda, zukuka, amka. Aliugua homa akafariki Januari 1936 kabla ya kusema. Hoja zake zilifikishwa bila yeye, na neno lile likaenea likavuka mipaka hadi Bukoba na Kenya. Wito huo ulitimizwa namna gani? Kwa watu kurudisha mbuzi walioiba, kuungama mbele ya waliowakosea, Mhutu na Mtutsi, mzungu na mwafrika kuitana ndugu. Waliita kutembea nuruni. Mikesha ilikuwepo, lakini haikuwa kipimo.

Baadaye kipimo kilibadilika kwa baadhi yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 uamsho wa Uganda uligawanyika, na kundi lililojiita walioamka upya liliweka masharti mengine, pamoja na kukataa kuchukua mikopo. Walikuwa watu wacha Mungu, nami nawaheshimu. Ila naona walipojikwaa: waligeuza matunda ya kuamka kuwa hati ya kuingilia. Ndicho tunachomfanyia dada wa Khuwair tunapohesabu saa zake za magoti.

Nimwambie nini, basi? Oman inawapa Wakristo viwanja rasmi vya ibada, na Ghala, jirani na Khuwair, kuna makanisa ya Kiprotestanti na Kikatoliki. Ibada kubwa iko Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko. Ibada za kujikusanya majumbani haziruhusiwi, kwa hiyo asiyepewa ruhusa ya kutoka hana kanisa lingine ila moyo wake. Dada, ukipata Ijumaa nenda. Usipopata, chagua mstari mmoja asubuhi, wakati adhana ya alfajiri inawaamsha majirani, uubebe siku nzima kati ya jiko na pasi. Hayo ni mafuta kwenye chombo. Mtunze mtoto wa watu kama vile Bwana ndiye aliyekukabidhi. Usiku ukisinzia katikati ya sala, lala. Zaburi ya 121 inamtaja mlinzi asiyesinzia, na ya 127 inauita usingizi zawadi kwa wapenzi wake.

Na kwenu wachungaji wenzangu wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam mnaoendesha mikesha ya simu hadi saa tisa usiku: kabla hamjamuuliza dada aliyeko Maskati kwa nini hakuonekana kwenye kundi, mwulizeni kwanza alilala saa ngapi, amekula nini, na mara ya mwisho alipewa Ijumaa lini. Kisha kesheni ninyi kwa niaba yake.