Ukimya si hukumu



Wengi wetu tuna ndugu wanaoishi Marekani, na baadhi yao wanaufahamu mpango unaoitwa Global Entry. Ni mpango wa mamlaka ya forodha na ulinzi wa mipaka ya nchi hiyo, ulioanza mwaka 2008 kwa ajili ya wasafiri wanaohesabiwa kuwa waaminifu. Raia wa Marekani anaweza kuuomba, na vilevile mgeni mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu. Aliyekubaliwa, akishuka kwenye ndege, hasimami kwenye foleni ndefu ya uhamiaji. Anapigwa picha kwenye mashine na kwa kawaida anapita. Uanachama ni wa miaka mitano.

Kuupata ndiko kunakochosha. Mwombaji anajaza fomu mtandaoni na kulipa dola 120, ambazo hazirudishwi hata akikataliwa. Kisha kumbukumbu zake zinachunguzwa. Akivuka hapo anapewa kibali cha masharti, halafu anafanyiwa mahojiano na kuchukuliwa alama za vidole. Wapo wanaojibiwa ndani ya siku chache. Wapo wanaokaa miezi, wengine zaidi ya mwaka, na kila wakifungua akaunti zao wanakuta taarifa ileile: ombi linapitiwa.

Unaweza kusema hilo ni jambo dogo, ni foleni tu ya uwanja wa ndege. Lakini fikiria mume na mke walioomba siku moja. Mke amejibiwa wiki ileile. Mume, huu ni mwezi wa kumi na moja, bado. Anaanza kujiuliza: Je, ni jina langu? Ni nchi niliyozaliwa? Ni ile faini ya zamani? Hapo kinachomuumiza si foleni tena. Ameugeuza ukimya kuwa hukumu.

Hali hiyo anaijua pia kijana aliyefanya usaili wa kazi akaambiwa atapigiwa simu, na simu haijaja. Anaijua binti aliyeahidiwa kwamba wazazi wa mchumba wake watakuja kujitambulisha, na kila mwezi kuna udhuru mpya. Asiyejibiwa huandika jibu mwenyewe moyoni, na mara nyingi huandika baya kuliko lile ambalo lingekuja.

Biblia inamjua msafiri aliyehitaji kibali. Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani. Alipata habari za kubomoka kwa Yerusalemu katika mwezi wa Kisleu, na nafasi ya kuzungumza na mfalme ikapatikana katika mwezi wa Nisani, karibu miezi minne baadaye. Muda wote huo aliendelea na kazi yake, akafunga na kuomba. Na ni wazi alipanga, maana mfalme alipomuuliza anataka nini, alitaja muda wa safari, akaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto ili wampitishe, akaomba na miti ya kujengea malango. Mtu aliyekaa tu akihesabu siku asingekuwa na majibu hayo mdomoni.

Tena, katika sala yake ya sura ya kwanza, Nehemia hakujificha. Aliungama dhambi za taifa lake, akajitia na yeye na nyumba ya baba yake. Hili linawahusu wanaojaza fomu. Moja ya sababu za kukataliwa katika mpango huo ni kutoa taarifa za uongo au pungufu. Nyingine ni kuwahi kuvunja sheria za forodha, uhamiaji au kilimo. Hata chakula cha nyumbani ambacho msafiri hakukitaja alipoingia kinaweza kumletea faini na kubaki kwenye kumbukumbu. Ndugu yangu, ukiulizwa, sema kweli. Ni afadhali usubiri kwa ukweli kuliko upite haraka kwa uongo, kisha uishi ukiogopa kila afisa anayekutazama mara mbili.

Sasa tazama tofauti kati ya afisa wa mpaka na Mungu. Afisa analifungua faili lako akitumaini hatakuta kitu, na hatumlaumu, kwa kuwa kulinda mpaka ndiyo kazi yake. Mungu alilifungua faili la kila mmoja wetu akakuta kila kitu. Mtume Paulo, katika Warumi 5:8, anatuonyesha kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu tukiwa bado wenye dhambi. Kukubaliwa kwetu kulikuja faili likiwa wazi. Kwa hiyo mkristo anayengoja jibu la wanadamu anaweza kungoja kwa uchungu, lakini hapaswi kungoja kama mtu asiyejua yeye ni nani.

Lakini neno hili halimfariji anayengoja peke yake. Linatuuliza pia sisi tunaongojewa.

Ni watu wangapi wanasubiri kibali chetu? Yupo aliyetoka gerezani, ameokoka, anakaa benchi la nyuma mwaka wa tatu na hakuna anayempa hata kazi ya kufagia kanisa. Yupo mama aliyezaa kabla ya ndoa, aliyeomba kurudi kwaya, akaambiwa "tutakaa kikao." Kikao hakijakaa. Tunaita hekima, tunasema tunamwangalia kwanza. Lakini hakuna aliyemwambia anaangaliwa nini, wala mpaka lini.

Paulo mwenyewe yalimkuta. Katika Matendo 9, alipofika Yerusalemu na kutaka kujiunga na wanafunzi, walimwogopa, na walikuwa na sababu, kwani alikuwa amewatesa waumini. Barnaba ndiye aliyemchukua, akampeleka kwa mitume na kueleza mambo yaliyompata njiani. Barnaba hakufuta kumbukumbu za Paulo. Alisimama karibu naye na kusema anachokijua.

Wiki hii, kama kuna mtu anayesubiri jibu lako, mjibu. Kama jibu ni hapana, mwambie kwa upole pamoja na sababu. Kama bado, mwambie bado kwa nini. Na kama ni ndiyo, usiingoje Jumapili nyingine.

Bwana awatie nguvu wote wanaongoja. Jumapili njema.