Kiwanja kinapohesabiwa kuwa kimekamilika

Ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu iliyoanzishwa Marekani mwaka 1946 ikiwa na timu 11 haikusubiri majengo. Wengi wa waanzilishi wake walikuwa na kumbi za mpira wa magongo wa barafuni, nao walitaka kuzijaza watu siku ambazo hazina mechi. Sakafu ya mbao ilitandikwa juu ya barafu, kikapu kikachezwa. Timu nne hazikurudi msimu wa pili, lakini kumbi zilibaki. Kwetu Tanzania mambo yamegeuka: wachezaji wapo, kinachosubiriwa ni mahali pa kuchezea.

Chukua mji wa barabarani kama Chimala, kati ya tambarare ya Usangu na milima inayopanda kwenda Matamba. Mpango wa kiwanja katika mji wa namna hii kwa kawaida huwa mzuri: sakafu ya zege ya mita 28 kwa 15, ringi mbili kwenye kimo cha mita 3.05, taa, vyoo, uzio, jukwaa dogo, njia ya kiti cha magurudumu. Ugumu huanzia kwenye kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai, na fedha zikichelewa miezi mitatu minne tu, mvua za Nyanda za Juu Kusini zinakuwa zimekaribia. Msingi unachimbwa huku unajaa maji.

Halafu kuna udongo. Mfinyanzi mweusi wa Usangu huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na zege lililomwagwa juu yake hupasuka nao. Fundi anayeijua kazi yake ataomba kuuondoa na kujaza kifusi. Hapo malori yanaongezeka, na fedha za dharura zinaisha kabla chochote hakijaonekana juu ya ardhi. Kazi ikisimama kupisha mvua, bei ya saruji na nondo nayo inaweza kupanda. Gharama hukua hivyo hata pale ambapo hakuna aliyeiba, kwa sababu makadirio yalifanywa mezani bila kuchimba shimo la majaribio.

Fungu likipungua, hukatwa vile vilivyopangwa mwisho: taa, vyoo, ile njia ya kiti. Sakafu na magoli yapo, kwa hiyo mradi unakabidhiwa. Lakini jua huzama kwenye saa moja hivi, na anayefunga duka saa kumi na mbili hana muda wa kucheza. Wasichana huondoka mapema kwa kukosa choo na pa kubadilishia nguo. Ufunguo wa geti hukaa kwa mtu mmoja. Akisafiri, geti linabaki limefungwa. Nyavu nazo huchanika, na ringi isipokuwa na wavu, mpira ukipita kwa kasi wachezaji hubishana kama umeingia au umepita pembeni. Wavu mpya ni kitu kidogo, ila bajeti ya ujenzi haikuwa na fungu la matunzo.

Mimi ningeanza na nusu ya kiwanja. Kikapu cha watatu kwa watatu, kilichoingia Olimpiki kwenye michezo ya Tokyo, huhitaji goli moja tu. Hilo goli liwe na taa, choo na geti lisilomtegemea mtu mmoja tangu siku ya kufunguliwa, jukwaa lije baadaye. Shimo la majaribio lichimbwe mwaka wa fedha unaotangulia, ili Julai fedha zikifika, kifusi kishindiliwe ardhi ingali kavu.