Siku ya Familia Ziwani: Nani Anawaangalia Watoto?

Injili ya Marko, sura ya 6, inatueleza jinsi wanafunzi walivyozongwa na watu hata wakashindwa kula. Yesu akawatoa kwa mashua ili wapumzike. Ikiwa wao walihitaji mapumziko, je, mama wa nyumbani?

Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tumebarikiwa kuwa na mahali pazuri karibu. Kutoka Mwanza mjini, kwa mfano, ni dakika chache tu kwa boti hadi kisiwa cha Saanane. Kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Watoto hufurahi kuona swala, pundamilia na pimbi wanaoota jua juu ya mawe.

Lakini matembezi mengi ya ziwani huwa hivi: mama anapakua chakula, ananyonyesha, anakunja nguo, na bado anategemewa kuangalia watoto wanaocheza ufukweni. Baba yuko kwenye maongezi na wenzake. Kila mtu anadhani mwenzake anaangalia, kumbe hakuna anayeangalia! Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, maana mdomo wake umo majini. Huzama kimya, kwa dakika chache, hata penye kina kifupi.

Kwa hiyo, kabla ya kutandika mkeka, tupange zamu: nusu saa baba, nusu saa mama, nusu saa shangazi. Mwenye zamu hapiki, haongei na simu, wala halali. Mtoto mdogo awe mahali ambapo mkono unamfikia. Tusimwachie dada yake wa miaka tisa kazi hiyo. Naye ni mtoto.

Tukipanda boti, kila mtu avae jaketi la kujiokolea, hata safari ikiwa fupi. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia Ukara, na watu zaidi ya 200 wakafa.

Tukumbuke pia kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji yaliyotulia penye majani, hupenya ngozi, na taulo si kinga ya kutegemea. Watoto wasichezee hapo, na wote watumie choo, kwani mayai ya kichocho hufika majini kwa kinyesi na mkojo. Mtoto akiumwa tumbo mara kwa mara au akitoa damu chooni, apelekwe hospitali akapimwe. Dawa ipo.

Mama mpenzi, usione haya kusema, "Baba watoto, sasa ni zamu yako." Huko si kumkosea heshima. Ni kulinda pamoja wale mliopewa na Mungu, ili jioni mkiwahesabu watimie, nawe urudi nyumbani umepumzika kweli.